Chuma Kilichopigwa Juani

Mwaka jana tulimzika Wakesho kule Mbololo. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa maneno machache, na kwa zaidi ya miaka hamsini alinisalimu vizuri kila tulipokutana bila hata mara moja kuniuliza habari za nyumbani kwangu. Niliketi hemani, safu za nyuma, wanapowekwa wazee wasio wa ukoo. Mbele yangu vijana wawili walikuwa wakiisoma ratiba ya mazishi. Mmoja alimwuliza mwenzake kama marehemu ndiye dada ya yule mlinzi wa pampu aliyelewa kule Voi, mafuriko yakaja, watu wakafa. Mwenzake akasema ndiye. Babu yake alikuwa akiisimulia, na zaidi ya hayo iliandikwa gazetini. Niliinama nikawaambia kwamba aliyeiandika habari hiyo ni mimi, na kwamba si ya kweli. Walinitazama kwa ile heshima wanayopewa wazee walioanza kupotewa na fahamu. Mmoja akaenda kuniletea chupa ya maji, akaifungua yeye mwenyewe, akasema, "Kunywa kidogo, Mzee. Jua ni kali."

Nimeketi katika kiti cha hakimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mawakili walinijua kwa jambo moja: shahidi akianza na "watu wanasema", nilimkatiza kabla hajafika kwenye kitenzi. Walidhani ni ukali niliofundishwa chuoni. Chuoni nilifundishwa jina lake tu, ushahidi wa kuambiwa. Jambo lenyewe nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja ya Voi, miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa bado naamini kwamba nitakuwa mwandishi. Nitaandika hapa nilichokiona na nilichokisikia mimi mwenyewe. Nitakapotumia maneno ya mtu mwingine nitamtaja.

Hoteli hiyo ilikuwa ya Mama Mwadime, hatua chache kutoka stesheni. Ilikuwa na meza nne, jiko la makaa, na mlango uliofunikwa pazia la kanga lililochakaa. Chumba changu kilitenganishwa na meza hizo na ukuta wa mbao za makasha, nilioubandika magazeti ya zamani ili kuziba nyufa. Magazeti yalizuia mwanga. Sauti hayakuzizuia hata kidogo. Nilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyokuwa sanduku la sabuni, na dirisha moja la ubao lililotazama upande wa mto. Asubuhi nilikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge. Mchana nilirudi, nikala, nikaandika. Hadithi zangu mbili zilikuwa zimekwisha kuchapishwa katika jarida moja la kila mwezi lililotoka Mombasa, na mhariri wake alikuwa ameniandikia barua ya kuniita "ndugu mwandishi". Barua hiyo niliibandika ukutani juu ya magazeti.

Chakula cha Mama Mwadime kilikuwa kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka mwiko ukasimama wenyewe, na kando yake bakuli la maziwa ya mgando. Jumamosi kulikuwa na matumbo. Alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa kutembea, asiyeketi mchana kucha. Mwanawe wa kwanza, Mwadime, ndiye aliyelinda pampu ya maji kando ya mto. Kazi yake ilikuwa kuilisha mashine mafuta, kufukuza mbuzi, na mto ukianza kujaa, kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mgunga ili watu wa bondeni wahame. Saa saba alikuja kula, akaketi juu ya gunia la unga jikoni kwa kuwa suruali yake ilinuka dizeli na mama yake hakumruhusu kukalia viti vya wateja. Alikuwa akinidhihaki kupitia pazia. "Mwandishi, leo umeua nani?" Maana katika hadithi zangu zote mbili mtu alikufa kabla ya ukurasa wa tatu. Nilimjibu kwamba bado nachagua. "Mimi niache kwanza," akasema, "na siku ukiniandika, nivalishe viatu." Je, alikunywa? Alikunywa mbangara, pombe yetu ya kienyeji, siku za Jumapili baada ya ibada, kama walivyokunywa wanaume wengi niliowajua, na Jumatatu alikuwa kazini. Hilo niliona kwa macho yangu, na ndilo pekee nililojua kuhusu unywaji wake.

Ni vizuri msomaji asiyeijua Voi aelewe namna maji yanavyotujia. Mvua hunyesha juu, kwenye milima ya Taita, nasi huku chini tunaweza kuwa tumeanika nguo. Jumamosi ile ya vuli jua lilikuwa likiwaka. Kwa siku tatu milima ilikuwa imefunikwa na weusi, lakini juu ya mji hapakuwa na wingu, vumbi lilikuwa palepale, na wanawake wa bondeni walikuwa wameanika mahindi. Alasiri nilikuwa mezani. Nilisikia mngurumo nikadhani ni garimoshi la mizigo, kisha makelele, na nilipotoka nje niliuona mto mahali ambapo asubuhi palikuwa na nyumba. Maji yalikuwa mekundu na yalibeba mapaa yakiwa mazima. Sitaeleza zaidi. Yapo mambo ambayo mtu akiyaeleza vizuri anakuwa ameyatumia. Mwadime alionekana siku ya tatu, amenaswa katika mkonge. Mama yake alinyoa nywele, akamfuata marehemu Mbololo kwa mazishi na matanga, na jiko akamwachia mke wa jirani.

Katika majuma yale hoteli ilijaa kama haijapata kujaa. Watu wa reli, watu wa mkonge, madereva waliokwama kwa sababu barabara ya Maungu ilikuwa imekatika, wote walikula pale na wote walizungumza. Nami nilikuwa nyuma ya mbao na daftari. Siku ya kwanza mtu aliuliza kwa nini bondeni hawakuonywa. Siku ya pili mwingine alisema chuma hakikupigwa. Wa tatu akasema kingepigwaje na mpigaji alikuwa kwenye pombe. Kufikia mwisho wa juma ilikuwa inajulikana alikunywa nyumba ya nani, vibuyu vingapi, na alianza saa ngapi. Kila aliyesema aliongeza kidogo, kama watu wanaopanda ukuta wakitumia mabega ya wenzao. Sikumsikia hata mmoja wao akisema "niliona". Leo jambo hilo lingenipigia kelele masikioni. Wakati ule nilishangilia, kwa kuwa habari ilikuwa inajipanga yenyewe, ikiwa na kosa, na mkosaji, na adhabu.

Niliiandika kwa alasiri mbili. Mhariri alikuwa ameomba makala ya mafuriko kwa "jicho la Voi", na mimi nilimpa masikio ya Voi. Nakumbuka sentensi moja ambayo niliirudia kwa sauti chumbani kwa jinsi nilivyoipenda: "Mlinzi Mwadime, aliyepewa chuma cha kuwaokoa wenzake, alikuwa siku hiyo mateka wa kibuyu." Nilijua alikuwa mwana wa mwanamke aliyenipikia. Nilijiambia kwamba mwandishi hana rafiki wala jirani, maneno niliyoyaokota mahali fulani na ambayo kijana huyaona mazito kwa sababu hajawahi kuyabeba.

Jarida lilifika kwa garimoshi mwezi wa Januari. Mama Mwadime alikuwa amerudi, kichwa chake kikianza kuota nywele fupi, nyingine nyeupe ambazo hazikuwapo awali. Mtu fulani stesheni alikuwa amemwambia kwamba mwanawe ameandikwa. Aliingia chumbani kwangu akiwa amelishika kwa vidole viwili, akipangusa mkono mwingine kwenye leso ili asilichafue, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa ile ya mchana. Aliketi. Aliketi kwenye kitanda changu, akaniambia, "Nisomee, mwanangu. Polepole."

Sikuweza. Nilifungua ukurasa, nikaliona jina, nikaanza kusoma maneno ambayo hayakuwapo. Nilisoma kwamba Mwadime aliyaona maji kabla ya watu wote, kwamba alikipiga chuma kwa nguvu zake zote, kwamba aliwaita watu wa bondeni kwa majina, kwamba hakuuacha mgunga mpaka mto ulipomchukua. Nilipofika mwisho akaniomba nirudie. Nilirudia. Wale wasiosoma wana kumbukumbu ambayo sisi tuliosoma tumeibadilisha kwa karatasi. Katikati akanigusa goti. "Umepita pale alipowaita kwa majina." Nikasema nimeruka mstari. Akaniambia nirudi, nami nikarudi, nikawaita tena watu wa bondeni. Alilikunja jarida, akalitia katika sanduku lake la bati pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Kabla ya kuchapishwa kwa makala ile watu walikuwa wakisema "inasemekana". Baada yake walisema "imeandikwa". Sijui njia nyepesi zaidi ya kulieleza kosa langu. Waliolizua neno lile katika meza nne za hoteli walilipokea tena kutoka Mombasa likiwa limevaa wino, wakalisadiki upya kana kwamba limetoka kwa mtu mwingine. Waliofiwa bondeni hawakuja kumpa Mama pole. Wateja walipungua, kwanza wa reli, halafu wa mkonge. Lakini jambo nililoliona likimwumiza zaidi ni dogo. Kwetu mama huitwa kwa jina la kifunguamimba wake, na kila aliyeagiza chai katika hoteli ile kwa miaka yote alikuwa amelitaja jina la Mwadime. Sasa watu wakaanza kumwita Mama Wakesho, kwa jina la bintiye. Hakuna aliyetangaza. Ilianza kwa mmoja, wengine wakafuata, kama watu wanaolikwepa shimo njiani. Nilimsikia akiitikia. Mara za kwanza alichelewa kidogo, kwa sababu ilimbidi akumbuke kwamba anaitwa yeye.

Wakesho alikuwa chuo cha ualimu, akarudi likizo ya Aprili. Jioni ya kwanza, walipokuwa wakichambua maharagwe, Mama alitoa jarida sandukuni na kumpa asome, kwa sauti ya mtu anayetoa kitu cha fahari. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta. Nilifikiria kutoka. Nilibaki. Wakesho alianza vizuri, kwa sauti ya mwalimu, kisha akanyamaza.

"Endelea," Mama akasema.

"Mama, wacha."

"Endelea mpaka mwisho."

Akaendelea mpaka mwisho. Sentensi yangu niliyoipenda niliisikia ikisomwa na mtu aliyekuwa analia na anajitahidi kutamka kila silabi. Baada ya hapo nilisikia maharagwe yakidondoka kwenye sufuria, moja moja, kama mwanzo. Baadaye Wakesho alisogeza pazia langu, akiwa na sahani ya kimanga na bakuli la maziwa, kama ilivyokuwa kila jioni. "Mama anasema ule kabla hakijapoa." Aliviweka juu ya karatasi zangu. Kisha akaniuliza nani aliniambia. Nikasema watu. Akauliza, "Watu gani?" Nikazihesabu kichwani zile sauti za meza nne, na hata moja haikuwa na jina.

Mama Mwadime hakunifukuza. Msomaji aliyelelewa kwingine anaweza kuuona huo kuwa msamaha. Mimi ni Mdawida, mtu wa milima ya Taita, nilijua sivyo. Aliendelea kunilisha, kuniuliza kama nimelala vizuri, na kuniita mwanangu, lakini hakuketi tena karibu nami.

Ndipo nilipoanza kufanya kazi ambayo ilinipasa kuifanya Desemba. Nilizunguka na swali moja tu: wewe mwenyewe uliona nini? Wengi walinielekeza kwa wengine, na wale wengine wakanirudisha kwa wale wa kwanza. Nyumba ile iliyosemwa kwamba alinywea ilikuwa imefungwa siku hiyo. Mwenye nyumba alikuwa Taveta kwa dada yake, na dada yake mwenyewe alinithibitishia. Mwezi wa Mei nilimfikia Mutua, Mkamba mmoja, nyapara wa genge la kutengeneza njia ya reli. Nilimkuta juu ya tuta, wakati wa mapumziko, akinywa chai katika kopo. Kutoka pale alipoketi, mgunga wa pampu ulionekana wazi. Nilimuuliza swali langu. Alimwaga machicha ya chai, akautazama mto uliokuwa sasa mchanga mtupu.

"Alipiga," akasema. "Nilimsikia. Sisi sote tulimsikia. Alipiga ile chuma kama mtu anaua nyoka. Tukaangalia juu, jua. Hata wingu moja hakuna. Mimi ndiye nilisema, huyo Mwadime leo ameanza mapema. Genge yote ikacheka. Hata huko chini tuliona wamama wanacheka, mmoja anamfanyia hivi." Akaonyesha kwa mkono ishara ya kumfukuza mtu mlevi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Niseme nini? Kwamba nilicheka?"

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa neno la ulevi. Lilizaliwa kutokana na chuma kile kile kilichosemwa kwamba hakikupigwa. Watu walimsikia, wakalitazama jua, wakaamua amelewa. Na maji yalipokuja, ilikuwa rahisi zaidi kwa waliobaki kuukumbuka ulevi kuliko kuukumbuka mlio. Sisemi walikusudia. Sikuwa ndani ya mioyo yao.

Lakini lipo jambo jingine, na sijaliandika hapo juu kwa sababu hata mimi sikulikumbuka mpaka nilipokuwa nimesimama pale juu ya tuta na Mutua akionyesha kwa mkono wake. Alasiri ile ya mafuriko nilikuwa mezani nikiandika hadithi ya tatu. Kulikuwa na mtu anagonga chuma, upande wa mto, bila kupumzika. Nilidhani ni karakana ya reli. Mlio ulinikatiza wazo, nikainuka, nikalifunga dirisha. Mimi, mwandishi wa kile chuma ambacho hakikupigwa, nilikuwa nimekisikia. Nilikuwa na ushahidi wa masikio yangu mawili, nami nikauacha, nikaenda kuuokota wa watu wengine kupitia nyufa za mbao.

Nilimwandikia mhariri barua ndefu. Mwezi wa Agosti alichapisha mistari minne katika ukurasa wa mwisho, chini ya tangazo la sabuni. Ilisema kwamba kuhusu mlinzi wa Voi, mwandishi wetu sasa ana maelezo tofauti. Nililichukua jarida hilo mpaka hotelini saa ya chakula. Walikuwapo wateja watano. Nilisimama nikaisoma mistari ile, nikaongeza kwa kinywa changu yote aliyoniambia Mutua na yote niliyoyasikia mimi. Walisikiliza bila kuacha kula. Dereva mmoja wa lori la mkonge akafuta mdomo. "Mwandishi, sasa umeshiba ndiyo unaandika upya?" Mwingine akamuuliza kama ile ya kwanza ilikuwa ya njaa. Wakacheka, si kwa ubaya. Nyuma ya pazia la jikoni mwiko ulikuwa umesimama. Baadaye ukaanza tena kuponda.

Septemba nilipata nafasi ya kwenda kusomea sheria. Sikuwa nimeandika hadithi nyingine tangu ile niliyoifungia dirisha, na sijaandika mpaka leo. Kabla ya kuondoka nilitaka jambo moja kwa Mama. Kwetu, hasira iliyofichwa moyoni ni kitu kinachoweza kumdhuru anayekasirikiwa hata kama mwenye hasira hamtakii mabaya; kwa hiyo mtu humwomba mkubwa wake afanye kutasa. Mkubwa huchukua funda la maji, au la maji ya muwa, hulipuliza nje, na pamoja nalo huitoa hasira yake, ndipo hutamka amani. Kanisani hawakupenda kulisikia jambo hilo. Majumbani lilifanywa, na Mama Mwadime, aliyeimba katika kwaya, nilikuwa nimemwona akilifanya kwa Wakesho siku ile alipoondoka kwenda chuoni.

Nilimfuata jikoni asubuhi, sanduku langu likiwa mlangoni. Wakesho alikuwapo, akichochea makaa. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, nikasema niliyoyafanya kwa mpangilio, bila kupamba: kwamba niliandika nisichokiona, kwamba nilimsomea yasiyokuwapo, kwamba nilikisikia chuma na kufunga dirisha. Hili la mwisho alikuwa hajalisikia kutoka kwangu akiwa ana kwa ana nami. Kisha nikamwomba anitasie.

Hakukataa. Alichota maji kwa kikombe cheupe cha bati, akasimama mbele yangu, akajaza kinywa. Mashavu yake yalijaa. Nilifumba macho kama inavyopasa, nikangoja matone usoni. Nilingoja muda mrefu mno. Nilipofumbua macho alikuwa bado ananiangalia, maji yakiwa kinywani, na macho yake yakijaribu. Ninaandika hivyo kwa kuwa niliyaona, yalikuwa yakijaribu. Wakesho aliacha kuchochea. Kisha koo la Mama likapanda na kushuka. Aliyameza.

"Wewe ulinisomea yasiyoandikwa," akasema taratibu. "Mimi siwezi kukutemea yasiyo moyoni. Nenda, mwanangu. Garimoshi halingoji."

Nikainuka, nikapangusa magoti, nikachukua sanduku langu. Tangu hapo nimesikia mara mbili, tena kwa watu ambao hawakuwa wamezaliwa, kwamba mama wa mlinzi yule alimlaani mwandishi. Si kweli. Jikoni tulikuwa watatu, na wawili wameshazikwa. Hakunilaani. Nilikuwapo. Alikataa tu kusema uongo.